Kompyuta Ikigoma Kuamka: Hoja ya Kuuliza Kabla ya Kufuta

Ipo kauli moja ambayo imezoeleka mno miongoni mwa mafundi wa kompyuta na, la kusikitisha zaidi, miongoni mwa walimu wanaokabidhiwa vyumba vya kompyuta mashuleni: "Ifutwe, ipigwe upya." Kauli hiyo hutolewa pindi mashine inapokataa kuwaka, hasa inapokataa mara tu baada ya kupokea masasisho ya programu zake. Mitaani kazi hiyo imepewa hata jina, "kupiga windo", na fundi aifanyaye huweza kuimaliza kabla ya saa mbili kwisha, akalipwa, akaenda zake. Mashine huwaka. Kilichokuwa ndani yake hakipo tena, wala hakuna ajuaye ilikuwa na ugonjwa gani.

Kwa kompyuta ya mtu binafsi hasara yaweza kuwa picha na barua. Seva ni jambo jingine. Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine: humo ndimo zinamohifadhiwa alama za mitihani ya ndani, orodha za wanafunzi, hesabu za ada, na mara nyingine maktaba nzima ya vitabu na mazoezi ambayo wanafunzi huisoma bila kuhitaji intaneti. Seva nyingi za namna hiyo, mashuleni na hata katika mashirika makubwa ya dunia, huendeshwa kwa Linux, mfumo endeshi ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na ambao shule yaweza kuutumia bila kulipia leseni. Katika shule yenye seva moja tu, na isiyo na nakala ya akiba ya yaliyomo, kuifuta seva hiyo ni sawa na kulichoma moto daftari la mahudhurio pamoja na kabati lake kwa sababu ufunguo umekwama kitasani.

Hoja inayotetewa hapa ni nyepesi kuieleza, ingawa si nyepesi kuizoea. Seva ya Linux iliyoshindwa kuwaka baada ya sasisho haijafa. Imesimama mahali fulani katika safari yenye vituo vinavyojulikana, na kazi ya kwanza ya anayeitengeneza ni kupajua mahali hapo. Kazi hiyo ya kupajua ni sayansi ileile inayofundishwa katika maabara ya fizikia, na shule inayoiacha kwa fundi wa mtaani inajinyima somo ambalo imekwisha kuligharimia.

Kwanza yafaa safari yenyewe ieleweke. Kompyuta haiwezi kufanya lolote bila programu, na programu haiingii katika kumbukumbu bila programu nyingine kuiingiza. Wasemaji wa Kiingereza waliliona fumbo hilo na wakalipa mwanzo wa kompyuta jina litokanalo na msemo wao wa mtu anayejinyanyua kwa kuvuta kamba za buti zake mwenyewe. Ufumbuzi wa fumbo ni kwenda hatua kwa hatua: programu ndogo iliyo tayari ndani ya mashine huiita kubwa kuliko yenyewe, nayo huiita kubwa zaidi, mpaka mfumo mzima usimame.

Kituo cha kwanza ni programu ya kudumu iliyowekwa katika bodi mama. Katika mashine za zamani huitwa BIOS, na katika zile za karibuni ni UEFI. Hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha hutafuta diski yenye kitu cha kuanzia. Kituo cha pili ni kipakizi, ambacho katika Linux kwa kawaida ni GRUB, nacho ndicho kinachoonyesha menyu fupi ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Kituo cha tatu ni kiini chenyewe, programu inayotawala kumbukumbu, diski na kila kiungo cha mashine.

Kituo cha nne huwatatiza wengi, kwa hiyo kinastahili maelezo zaidi. Ili kiini kiifungue diski kuu, kinahitaji viendeshi, yaani vijiprogramu vinavyojua kuzungumza na aina ile ya diski. Lakini viendeshi hivyo vimehifadhiwa ndani ya diski hiyohiyo. Ni kama mlinzi wa ghala ambaye ufunguo wake umefungiwa ndani ya ghala. Kwa sababu hiyo kiini hukabidhiwa mkoba mdogo uitwao initramfs, ambao kipakizi huupakia pamoja nacho katika kumbukumbu, na ndani ya mkoba huo mna funguo zinazohitajika kuufungulia mlango wa kwanza. Mlango ukifunguka, mkoba hutupwa. Kituo cha tano na cha mwisho ni programu inayoanzisha huduma zote, ambayo katika Linux nyingi za leo ni systemd. Hiyo ndiyo inayofungua sehemu nyingine za diski, kuunganisha mtandao, na kuziita huduma moja baada ya nyingine.

Sasa kila kituo, safari inapokatikia hapo, huacha alama yake. Skrini nyeusi, au maneno ya kusema kwamba hakuna diski ya kuanzia, ni dalili za kituo cha kwanza. Maneno "grub rescue>" na alama inayopepesa mbele yake ni ya kituo cha pili. Ujumbe mrefu unaoanza na "Kernel panic" ni wa kiini. Neno "(initramfs)" likiwa peke yake mwanzoni mwa mstari humaanisha kwamba mkoba umefunguliwa lakini funguo zilizomo hazikuufungua mlango, au mlango wenyewe haukuonekana. Na taarifa kwamba mashine imeingia katika hali ya dharura, ikiomba neno la siri la msimamizi, hutoka katika kituo cha tano, wakati sehemu kubwa ya safari imekwisha kufanikiwa. Mwanafunzi anayezijua alama hizi tano anaweza, kwa kutazama skrini tu, kupunguza uwanja wa utafutaji hadi sehemu yake ndogo, kama vile mwenzake katika maabara anavyohamisha voltimita kutoka nukta moja ya sakiti hadi nyingine ili ajue waya umekatikia wapi, bila kuifumua sakiti yote.

Kikwazo kimoja ni lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, ilidhihirika kwamba programu za ofisini zaweza kuzungumza Kiswahili. Ujumbe wa kiini, hata hivyo, hutoka kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mkato, na mwanafunzi huutazama kama mtu anayetazama mvua. Huo si msururu wa takataka. Ni ushahidi wa shahidi pekee aliyekuwapo, naye hatarudia maneno yake ikiwa mtu atabonyeza kitufe cha kuzima kwa pupa. Siku hizi karibu kila mwalimu ana simu yenye kamera, na picha moja ya skrini iliyopigwa kabla ya mashine kuguswa ina thamani kuliko kumbukumbu za watu watatu waliokuwapo.

Kuna tukio la mwaka 2020 ambalo laonyesha kwa nini kituo ndicho cha kuulizwa kwanza. Tarehe 29 Julai mwaka huo kampuni ya Eclypsium ilitangaza kwamba GRUB ina dosari, ikaipa jina la BootHole. GRUB husoma maelekezo yake kutoka faili iitwayo grub.cfg, na ilibainika kwamba faili hiyo ikiandikwa kwa hila, GRUB hujikuta ikimimina pishi ya nafaka katika chombo cha kibaba. Kinachofurika hakipotei, bali huangukia sehemu nyingine ya kumbukumbu na kuweza kugeuka amri. Kwa njia hiyo mtu mbaya angeweza kuupita ulinzi unaohakikisha kwamba mashine inawashwa kwa programu zilizoidhinishwa tu. Watunzaji wa Linux mbalimbali walikwisha kuarifiwa mapema, na siku hiyohiyo wakaanza kutoa masasisho.

Kisha mashine zikaanza kugoma, na hapa ndipo penye funzo. Watumiaji wa Red Hat Enterprise Linux na wa CentOS ya wakati huo waliowasha upya seva zao waliziona zikiganda hata kabla menyu ya GRUB haijatokea. Watumiaji wa Ubuntu na Debian nao baadhi yao walilalamika, lakini skrini zao zilikuwa na maandishi: GRUB ilisema kwamba haikuipata alama iitwayo "grub_calloc", kisha ikaingia katika "grub rescue>". Dosari iliyotibiwa ilikuwa moja, juma lilikuwa moja, na malalamiko yalikuwa moja: "Nimesasisha, seva haiwaki." Aliyesikiliza malalamiko tu angefikiri kwamba ugonjwa ni mmoja na dawa ni moja.

La, ilikuwa magonjwa mawili. Katika Red Hat kosa halikuwa katika GRUB kabisa. Kati ya UEFI na GRUB husimama programu ndogo iitwayo shim, ambayo ina sahihi inayokubalika na UEFI, na ambayo nayo huthibitisha kwamba GRUB ni halali. Shim mpya iliyotolewa pamoja na tiba ndiyo iliyokuwa na kasoro, na safari ikakatikia mlangoni. Dawa ilikuwa kuwasha mashine kwa njia nyingine, kuirudisha shim ya zamani pamoja na GRUB yake, na kungoja toleo lililosahihishwa, ambalo lilitoka siku chache baadaye. Wale waliokuwa wamesasisha lakini hawajawasha upya walishauriwa wasiwashe kabla ya kurudi nyuma.

Katika Ubuntu na Debian walioathirika hasa ni wenye mashine za mtindo wa BIOS. Katika mashine hizo GRUB hukaa sehemu mbili: kipande cha kwanza huandikwa mwanzoni kabisa mwa diski, na vipande vingine hukaa kama faili za kawaida ndani ya sehemu ya /boot. Sasisho liliweka faili mpya, ambazo zilitarajia kukikuta kipande cha kwanza kikiwa kipya pia na kikiijua kazi mpya ya grub_calloc. Lakini katika mashine hizo mfumo ulikuwa umeandikiwa zamani kwamba kipande cha kwanza kiwekwe katika diski fulani, ilhali mashine ilikuwa ikiwashwa kutoka diski nyingine. Pengine diski ilibadilishwa miaka kadhaa nyuma, pengine mfumo mzima ulinakiliwa kutoka mashine nyingine. Kwa muda wote huo kipande kizee na faili mpya vilisikilizana. Siku ile havikusikilizana. Dawa hapa ilikuwa kuiandika upya GRUB katika diski iliyo sahihi kwa amri ya grub-install, wala kurudisha programu za zamani hakukuwa tiba ya kudumu.

Kisa hiki cha pili kina jambo ambalo walimu wa sayansi wangefaa kulidaka. Je, sasisho ndilo lililosababisha kugoma? Bila sasisho mashine isingegoma siku ile, hilo ni kweli. Lakini kosa la kuandikisha diski isiyo yake lilikuwa limelala humo tangu zamani, na sasisho liliamsha kilicholala. Kuna mfano ulio dhahiri zaidi. Seva ambayo haijazimwa kwa mwaka mzima inapokea masasisho, inawashwa upya, inakwama katika hali ya dharura. Ukiichunguza unakuta kwamba miezi sita iliyopita mtu aliongeza katika faili ya /etc/fstab mstari unaosema diski ya nje ifunguliwe kila mashine inapowaka, kisha diski hiyo ikachukuliwa na kupelekwa ofisi nyingine. Systemd huingoja diski isiyokuwapo, kwa kawaida kwa sekunde 90, kisha husimamisha safari. Sasisho hapo halina hatia yoyote. Lenye kufichua ni tendo la kuwasha upya, na kukatika kwa umeme kungefichua jambo lilelile. Kutangulia si kusababisha: wanafunzi hulikariri neno hilo katika mitihani ya biolojia na jiografia, lakini ni mara chache wanapokutana na ushahidi wake wakaushika kwa mikono yao.

Namna ya kuitenganisha hatia ya sasisho na hatia ya kuwasha upya ipo, na haihitaji uganga. Linux huweka daftari la kila programu iliyobadilishwa na saa iliyobadilishwa. Katika Debian na Ubuntu daftari hilo ni faili ya /var/log/apt/history.log, na katika jamaa za Red Hat husomwa kwa amri ya dnf history. Ikiwa sasisho halikugusa kiini, wala initramfs, wala GRUB, wala systemd, basi nadharia tete ya kwamba sasisho ndilo lenye kosa imepungua nguvu, na mchunguzi aelekeze macho kwingine.

Kosa jingine la mara kwa mara, hata hivyo, si lolote kati ya hayo. Ni ukosefu wa nafasi. Sehemu ya /boot, pale inapotengwa peke yake, hupewa nafasi ndogo tu, na kila kiini kipya huja na mkoba wake wa initramfs. Vya zamani visipoondolewa, sehemu hujaa kimyakimya. Sasisho linalofuata huweka kiini, lakini mkoba wake huandikwa nusu au hauandikwi kabisa. Mashine ikiwashwa, kiini huamka mikono mitupu, hushindwa kuifungua diski, na huandika ule ujumbe wa "Unable to mount root fs", maana yake hakikuweza kufungua mfumo mkuu wa faili. Tiba yake ni fupi kiasi cha kumtia aibu aliyekwisha kuifuta seva yake: katika menyu ya GRUB huchaguliwa kiini cha zamani, ambacho mkoba wake ni mzima, na mashine huwaka. Baada ya hapo amri ya df huonyesha kwamba /boot imejaa, viini visivyohitajika huondolewa, na mkoba mpya hutengenezwa kwa update-initramfs katika Debian na Ubuntu au kwa dracut katika jamaa za Red Hat. Ndiyo sababu watunzaji wa Linux hawafuti kiini cha zamani wanapoleta kipya. Red Hat, kwa mfano, kwa kawaida huweka vitatu. Wapo wasimamizi ambao kwa kupenda usafi hufuta vyote isipokuwa cha karibuni, na usafi huo ni wa kulaumiwa.

Na ikiwa hata GRUB haifiki? Hapo ndipo flashi inapohitajika. Linux yaweza kuwekwa katika flashi na kuwashwa kutoka humo bila kuigusa diski ya seva. Diski hufunguliwa kwa kusoma tu, na mara nyingi mno faili zote huonekana zikiwa salama, kwa kuwa kilichoharibika ni njia ya kuwasha wala si mali iliyohifadhiwa. Kabla ya jambo jingine lolote mali hiyo inakiliwe katika diski nyingine. Baadaye, kwa amri iitwayo chroot, fundi huingia katika mfumo uliogoma kama mtu anayeingia nyumbani kwake kwa mlango wa uani, akafanya kazi kana kwamba seva imewaka yenyewe: akarudisha programu iliyopita, akaandika upya GRUB, akarekebisha fstab. Katika hali hiyohiyo aweza pia kusoma daftari la matukio ya seva kwa amri ya journalctl, akaona safari ya mwisho iliishia wapi. Asipokuta humo maneno yoyote ya safari iliyoshindwa, asikate tamaa, kwani daftari huandikwa katika diski, na ukimya wake huweza kuashiria kwamba safari ilikatika kabla diski haijafunguliwa. Ukimya huo wenyewe ni ushahidi.

Watetezi wa kufuta wana hoja yao, nayo si ya kipuuzi. Husema kwamba katika vituo vikubwa vya kompyuta hakuna anayekesha akiitibu mashine moja, bali huondolewa na nyingine yenye sura ileile huwekwa mahali pake kwa dakika chache. Ni kweli, na ni busara, lakini ni busara ya mahali ambapo mali imehifadhiwa kando, ambapo namna ya kuijenga mashine imeandikwa hatua kwa hatua, na ambapo zipo mashine elfu moja zinazofanana. Shule yenye seva moja chini ya meza ya mwalimu haina hata moja ya masharti hayo matatu. Kuiga tendo la mwisho bila matendo yaliyolitangulia ni kuiga kivuli. Aidha, hata wakubwa hao hufikwa. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zinazokadiriwa kufika milioni 8.5 zenye kutumia Windows, na nyingi kati yake zilihitaji mtu aende mbele ya kila moja, aiwashe katika hali salama, na aifute faili moja tu. Hakuhitajika mtu wa kufuta diski. Alihitajika mtu anayejua faili ipi.

Wengine huenda upande wa pili. Wakishaumizwa mara moja huapa kutosasisha tena, na seva zao huendelea na programu za miaka mitano nyuma zikiwa na matundu yanayojulikana na kila mwizi. Msimamo huo ni hatari kuliko ule wa kufuta. Lakini nao una chembe ya haki ndani yake, kwani si kila sasisho ni la dharura. Dosari ya BootHole, kwa mfano, ilimtaka mshambuliaji awe tayari amekwisha kupata mamlaka ya msimamizi katika mashine. Shule ambayo ingengoja juma moja na kusikia wengine wamekutwa na nini isingepoteza kitu. Dosari inayomwezesha mtu wa mbali kuingia kupitia mtandao haingojwi hivyo. Kutofautisha hizo mbili kunataka kusoma tangazo la sasisho, aya mbili au tatu, kabla ya kubonyeza. Na sasisho lifanywe asubuhi ya siku ya kazi mtunzaji akiwapo, mashine iwashwe upya palepale, ili kosa lolote lionekane wakati yaliyobadilishwa bado yanakumbukwa. Desturi ya kusasisha Ijumaa jioni na kuondoka haina mtetezi mwenye akili.

Linalobaki ni somo. Somo la kompyuta linaloishia katika kuchapa barua na kupanga majedwali humfanya mwanafunzi kuwa karani wa mashine, wala halimwonyeshi kwamba mashine ina sababu. Kugoma kwa seva ni jaribio lililo tayari, na jaribio hilo laweza kutengenezwa kwa makusudi bila hasara yoyote. Programu kama VirtualBox huwezesha kompyuta moja kuigiza kompyuta nyingine ndani yake, na kompyuta hiyo ya kuigiza yaweza kuharibiwa asubuhi na kurudishwa mchana kama ilivyokuwa. Mwalimu apande kosa, wanafunzi wapewe skrini na daftari, na kabla ya kugusa kibodi waandike mambo matatu: safari imesimama kituo gani, ni ushahidi gani unaoonyesha hivyo, na ni jaribio gani litakalokanusha dhana yao ikiwa si kweli. Alama zitolewe kwa maandishi hayo hata kama mashine haikuwaka.

Kosa la kwanza liwe mstari mmoja wa ziada katika /etc/fstab unaotaja diski isiyokuwapo, kwa kuwa hali ya dharura huwapa wanafunzi mahali pa kusimama na maneno ya kusoma. La pili liwe kuijaza /boot kwa faili isiyo na maana, kisha kuleta kiini kipya. La tatu, lile la kipande kizee cha GRUB na faili mpya, linataka diski mbili za kuigiza na uvumilivu zaidi, na laweza kuachwa mpaka muhula wa pili, wakati darasa limekwisha kuzoea kwamba skrini iliyoandika maneno ya ajabu ni ya kusomwa kwanza.